Jinsi ya Kuchagua Otomani na Viti vya Ngozi, vya Zamani na vya Kisasa: Kipindue Kabla ya Kukikalia

Ukisimama mbele ya kiti cha ngozi, mkono hutangulia akili. Unapapasa, unabonyeza mto, unakaa, unaegemea, na kufikia hapo moyo umeshanunua. Wahenga walisema mwamba ngozi huvutia kwake, na kwenye viti hivi methali inatimia neno kwa neno: kuna fundi aliyeivuta ngozi ikakazika juu ya mbao ili upande mzuri ukutazame wewe, na pindo, viraka na misumari vyote akavivutia chini. Kwa hiyo mwongozo huu unasimama juu ya tendo moja: kipindue kiti kabla ya kukikalia. Mengine yote ni maandalizi ya kufanya kabla ya hapo, na namna ya kusoma utakachokiona.

Hatua ya 1: Amua otomani itafanya kazi gani

Wengi huanza na rangi. Anza na kazi. Otomani ni kiti kisicho na mgongo wala mikono, na jina lake limetokana na Milki ya Osmani, ambako watu walikalia majukwaa marefu yenye mito, yaliyopangwa kandokando ya kuta. Ilipofika Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 ilianza kufupishwa, mpaka ikawa stuli pana yenye mto tunayoijua leo.

Kama ni ya kupumzishia miguu tu, ulaini wa juu ndio wa kwanza. Kama wageni wataikalia, kinachotangulia ni fremu na sponji ngumu. Kama itatumika kama meza ya kuwekea sinia na vikombe, chagua uso bapa usio na vifungo vilivyozamishwa, kwa sababu kwenye mashimo hayo makombo hujikusanya na sinia haitulii. Na kama ni ya kuhifadhia mablanketi, fungua mfuniko uuachie katikati: ukibaki hapo hapo au ukishuka polepole, bawaba zake ni nzuri. Ukianguka kwa kishindo, achana nayo ikiwa nyumbani kuna watoto, maana vidole vyao ndivyo vitakavyofuata.

Kuna pia pufu, ule mto mkubwa wa duara wa kuweka sakafuni, ambao mafundi wa Moroko wanasifika kwa kuushona kwa vipande vya ngozi ya mbuzi. Hauna fremu ndani, na mara nyingi huuzwa mtupu ili uujaze mwenyewe kwa kupitia zipu ya chini. Ni mzuri kwa miguu, ila si kiti cha mtu mwenye magoti mabovu. Kuinuka hapo ni kazi.

Hatua ya 2: Pima kwa utepe, kisha tandaza magazeti

Viti vingi vya sebuleni vina kimo cha sentimita 40 hadi 45 kutoka sakafuni hadi mahali pa kukalia. Otomani ya kuwekea miguu iwe sawa na kimo hicho au chini yake kwa sentimita 2 hadi 5. Ikiwa juu zaidi, visigino hubeba uzito wote na magoti hubaki yananing'inia. Pima mtu akiwa amekaa, si kiti kikiwa kitupu, kwa kuwa mto laini hudidimia sentimita kadhaa, na hapo hesabu yote hubadilika.

Otomani inayokaa mbele ya sofa hupendeza ikiwa na urefu wa kama theluthi mbili za sofa yenyewe. Acha sentimita 35 hadi 45 kati yake na sofa, na sentimita 75 hadi 90 mahali watu wanapopita. Kina cha kiti, yaani kutoka ukingo wa mbele hadi mgongo, kiwe kati ya sentimita 50 na 58 kwa watu wengi. Mfupi akikalia kiti chenye kina kirefu, ama miguu yake itaning'inia ama mgongo wake utakosa pa kuegemea.

Baada ya hapo chukua magazeti, yakate kwa vipimo vya otomani unayoitamani, uyatandaze sakafuni na kuishi nayo siku mbili. Utajua upesi unapojikwaa. Usisahau kupima mlango, kona ya korido na ngazi, na uulize kama miguu ya kiti inafunguka.

Hatua ya 3: Ijue ngozi unayoilipia

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo tusiende mbio.

Ngozi ya ng'ombe ni nene kuliko inavyohitajika kwenye kiti, kwa hiyo kiwandani hupasuliwa kwa unene. Tabaka la juu, lililokuwa na manyoya, lina nyuzi zilizosongamana na ndilo lenye nguvu. Tabaka la chini, upande wa nyama, nyuzi zake zimelegea. Ngozi bora kuliko zote ni tabaka la juu lisilosuguliwa: vitobo vya vinyweleo unaviona, makovu ya miiba na kuumwa na wadudu yapo, na mistari ya shingo haikufichwa. Ya pili ni tabaka hilohilo likiwa limesuguliwa ili madoa yaondoke, kisha likagongwa muhuri wa mashine ili lionekane lina vinyweleo. Ni ngozi nzuri na ni imara, ila sura yake imetengenezwa. Ya tatu ni tabaka la chini lililofunikwa utando wa plastiki. Mara nyingi kisheria bado ni ngozi, na maneno "ngozi halisi" huweza kugongwa juu yake, lakini haifanani kabisa na zile mbili katika kudumu.

Chini kabisa iko ngozi ya kusagwa. Mabaki ya ngozi husagwa, yakachanganywa na gundi, yakabandikwa juu ya kitambaa na kupakwa utando wa plastiki wenye alama za vinyweleo. Otomani yangu ya kwanza ilikuwa ya namna hii. Ilikuja inang'aa na ina harufu ya ngozi kweli. Mwaka wa pili ukingo mmoja, pale visigino vinapotua, ukaanza kutoa magamba madogo meusi kama ya mkaa. Niliyakuta kwenye soksi. Wiki chache baadaye kitambaa cheupe cha wavu kilichungulia, na hakuna dawa wala fundi aliyeweza kukirudisha ndani. Unyevu wa hewa na jasho huila plastiki ya namna hiyo polepole, na utando ukishaachia, umeachia. Ningepewa nafasi ya kuchagua kati ya otomani mpya ya ngozi ya kusagwa na ya kitambaa kizuri kwa bei ileile, ningechukua ya kitambaa bila kufikiri mara mbili.

Utazitofautishaje? Tafuta mahali ngozi ilipokatwa: ndani ya zipu ya mto, chini ya fremu, au nyuma ya pindo. Ngozi ya kweli ina nyuzi pande zote za mkato, na upande wake wa nyuma ni kama suedi, ile ngozi yenye uso wa mahameli. Bandia na ya kusagwa huonyesha kitambaa au wavu. Kisha bonyeza kwa kidole gumba uso wa mto. Ngozi hukusanya mikunjo midogo inayotawanyika kama miale kuzunguka kidole. Plastiki hubonyea tu, ikafanya shimo na kunyooka. Chunguza vitobo pia: mashine hurudia alama zake, kwa hiyo ukikuta kovu lilelile mara tatu kwenye kiti kimoja, si kovu. Kuhusu kuichoma kwa kiberiti, sishauri hata kidogo. Unaharibu mali ya mtu, na ngozi yenye utando inaweza kukudanganya vilevile.

Kisha uliza imetengenezwaje. Ngozi hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Ya kale hutumia tanini ya magome ya miti na huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Ngozi yake ni ngumu kidogo, ina rangi ya udongo hadi katikati ya mkato, na hukolea rangi kadiri inavyoshikwa na kupigwa na mwanga. Ya pili, iliyoanza kushika viwanda mwishoni mwa karne ya 19, hutumia chumvi za kromu na huweza kumalizika ndani ya siku moja au mbili. Ngozi yake ni laini, haiogopi maji sana, na mkato wake mara nyingi una rangi ya kijivu ya bluu katikati. Sehemu kubwa ya sofa za leo ni za kromu, na hakuna aibu katika hilo. Kwa viti vya kuning'iniza, ambavyo ngozi yenyewe ndiyo hubeba mwili bila sponji, ninapendelea ya magome yenye unene wa milimita 3 au 4. Kwa mito ya kawaida, milimita 0.9 hadi 1.4 inatosha.

Mwisho, rangi. Ngozi ya anilini imechovywa kwenye rangi inayopenya tu, bila kufunikwa; inapumua, ina joto la mkono, na inanywa kila doa. Ngozi iliyopakwa rangi nzito juu hufutika kwa kitambaa kibichi lakini mkono huhisi ubaridi wake. Katikati kuna nusu-anilini yenye rangi nyepesi ya kinga. Tone moja la maji sehemu iliyofichika litakueleza: likizama na kuacha kivuli, ni anilini, likibaki limesimama, ngozi imekingwa. Omba ruhusa kwanza. Nyumba yenye watoto wadogo au dirisha kubwa la jua ichukue iliyokingwa. Anayeishi na watu wazima watulivu, na anayependa kiti kikizeeka pamoja naye, achukue anilini, asiogope madoa ya kwanza.

Hatua ya 4: Sasa kipindue

Anza kwa kushika pembe moja ya mbele ya sofa na kuiinua kama sentimita 15. Mguu wa mbele wa upande wa pili nao unapaswa kuwa umeshaanza kuinuka. Ukibaki umekanyaga sakafu huku fremu ikijipinda na kulia, maungio ni dhaifu.

Otomani ni rahisi zaidi. Ilaze juu ya blanketi miguu juu. Chini utakuta kitambaa chembamba cheusi cha kuzuia vumbi. Omba kukifungua pembeni kidogo. Kwenye otomani nzuri utaona mbao ngumu, kavu, zilizounganishwa kwa vigingi au kwa ulimi na tundu, na kila pembe ina kipande cha mbao cha pembetatu kilichotiwa gundi na skrubu. Kwenye mbaya utaona mbao laini zenye mafundo, au mbao za unga wa msumeno zilizoshindiliwa, zimeshikwa peke yake kwa pini za chuma zinazopigwa kwa bunduki ya pini. Mbao za unga wa msumeno hazishiki skrubu ya mguu kwa muda mrefu, na miguu ya otomani husukumwa kila siku.

Tazama kinachobeba mto. Springi za koili zilizofungwa kwa kamba kwa mkono, kila moja kuelekea pande nane, ni kazi ya gharama na hudumu. Springi za nyoka, zile za waya uliojikunja, ni nzuri zikiwa zimekaribiana na zimefungwa kwa waya wa kukatiza. Mikanda ya mpira hutosha kwa otomani, mradi imesukwa kwa kukazwa. Ibonyeze kwa kiganja, isilegee kama kamba ya nguo.

Kuhusu sponji, uliza uzito wake kwa mita ya ujazo, usiulize kama ni "nzuri". Kwa mahali pa kukalia tafuta kilo 30 hadi 35 au zaidi. Iliyo chini ya kilo 25 huwahi kulala. Ugumu ni jambo jingine: sponji nyepesi inaweza kuwa ngumu siku ya kwanza na kulala baada ya miezi, ndiyo maana kukalia dukani dakika mbili hakukwambii mengi.

Hatua ya 5: Ukiwa unataka cha zamani

Kiti cha zamani kilichotunzwa kina kitu ambacho hakitengenezwi upya: ngozi iliyolainishwa na mikono ya watu kwa miaka. Ninavipenda mno, na kwa sababu hiyo huvikagua kwa ukali zaidi.

Pitisha kidole sehemu iliyokauka. Kikitoka na unga mwekundu wa matofali, ondoka. Huo ni uozo mwekundu, ugonjwa wa ngozi ya magome iliyoliwa na asidi ya hewa chafu kwa miaka mingi. Unaweza kupunguzwa kasi, hauponi. Mipasuko midogo ya juu inazibika, lakini mpasuko unaofunguka hadi kwenye nyuzi mahali pa kukalia unahitaji kipande kipya. Kunja ngozi polepole ukingoni: ikilia kama karatasi kavu, mafuta yake yamekwisha.

Piga mto kofi. Vumbi la njano au kahawia likitoka kwenye mshono, sponji ya ndani imeoza. Hilo ni la kawaida kwa vitu vya miaka ya 1950 na kuendelea, na sponji hubadilishwa. Vya zamani zaidi hujazwa singa za farasi au nyuzi za nazi, navyo huweza kuchambuliwa na kurudishwa. Angalia mbao kama zina vitundu vidogo vya duara vyenye unga mpya mweupe chini yake: dumuzi bado yumo. Na nusa. Harufu ya uzee huondoka, ya ukungu uliozama kwenye kijazio haiondoki.

Ukiambiwa kiti ni cha mbunifu mashuhuri, dai ushahidi kwenye kiti chenyewe. Chukua mfano wa kiti cha kupumzikia cha Charles na Ray Eames cha mwaka 1956, kilichotolewa na kampuni ya samani ya Herman Miller pamoja na otomani yake. Kiti halisi husimama juu ya mguu wenye matawi 5, otomani ina matawi 4. Hakina wenzo wa kukilaza, kwa kuwa mwinamo wake umewekwa tayari, na nje ya magamba ya mbao ya mgongo hakuna skrubu inayoonekana. Hata kikiwa halisi, pindua: mgongo umeshikwa kwa vipande vya mpira vilivyogundishwa kwenye mbao, na mpira wa miongo kadhaa hukakamaa, ukaachia ghafla na kung'oa mbao pamoja nao. Kabla ya kuegemea kwa uzito wako wote, uliza mpira umebadilishwa lini. Tena, vile vya zamani vingi vilitengenezwa kwa mbao ya waridi ya Brazili, ambayo tangu mwaka 1992 imo kwenye orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini kutoweka, kwa hiyo kuvivusha mpaka bila hati ni kujitafutia kunyang'anywa.

Kiti cha Barcelona, kilichobuniwa na Ludwig Mies van der Rohe na Lilly Reich kwa banda la Ujerumani kwenye maonyesho ya mwaka 1929, kina stuli yake isiyo na mgongo ambayo ni otomani nzuri ajabu. Mito ya kiti cha Knoll, kampuni inayokitengeneza, huundwa kwa vipande 40 vilivyokatwa kutoka ngozi moja, vikashonwa kwa pindo la duara. Nakala za bei nafuu hutumia kipande kikubwa kimoja kilichovutwa kwa vifungo, na chini yake, badala ya mikanda ya ngozi nene, utakuta mikanda ya bandia. Nakala si dhambi ikiuzwa kama nakala. Kulipishwa bei ya halisi ndiko kunakouma.

Ongeza gharama ya matengenezo kwenye bei kabla ya kusema ndiyo. Ngozi moja ya ng'ombe mkubwa ina mita za mraba 4 hadi 5 hivi, na sehemu yake huishia kuwa mabaki. Kuwamba upya otomani moja kwawezekana kwa ngozi hiyo, lakini sofa ya watu watatu huhitaji kadhaa.

Hatua ya 6: Ukiwa unataka cha kisasa

Swali moja hapa lina uzito kuliko yote: ngozi iko wapi na wapi haipo? Sofa nyingi mpya zina ngozi mahali mwili unapogusa tu, na ubavuni na nyuma kuna plastiki ya rangi ileile. Si utapeli ikitajwa, lakini miaka ikipita pande hizo huzeeka tofauti: moja inakolea, nyingine inapauka. Taka jibu liandikwe kwenye risiti.

Kwa viti vinavyolala na kuinua miguu kwa mota, lifanye zoezi lote mara kumi mfululizo huku ukisikiliza, na uulize kama mota na waya vinapatikana peke yake. Otomani ya kawaida haina cha kuharibika. Hiyo ni sababu yangu kubwa ya kuipenda kuliko viti hivyo.

Hatua ya 7: Kuvikutanisha vya zamani na vipya

Usitafute rangi zinazofanana kabisa. Ngozi mbili zinazokaribia kufanana huonekana kama kosa. Otomani ya kahawia iliyochakaa mbele ya sofa nyeusi laini inatulia, na kinyume chake pia. Kinachounganisha ni kimo na umbo la miguu.

Hatua ya 8: Kikishafika nyumbani

Kiweke mbali na jua la moja kwa moja na angalau sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye kitu chochote kinachotoa joto. Futa vumbi kila wiki kwa kitambaa laini kikavu. Mahali penye unyevu mwingi, usikisukume kikagusa ukuta. Hewa ikipita nyuma, ukungu hauna nafasi. Losheni ya ngozi paka mara moja au mbili kwa mwaka, kidogo, baada ya kujaribu sehemu iliyofichika. Usipake mafuta ya zeituni wala ya kupikia: huvunda ndani ya nyuzi. Kitu kikimwagika, kinyonye kwa kitambaa kwa kukandamiza, usisugue.

Na siku kiti kikiwa bado kimepinduliwa, chukua mkasi ukate kipande kidogo cha ngozi iliyozidi nyuma ya misumari, kiasi cha stempu mbili. Kitie kwenye bahasha, uibanze ndani ya fremu kwa pini, kisha urudishe kitambaa cheusi. Miaka ikipita, rangi ya juu ikiwa imepauka na fundi anataka kuchanganya mpya, kipande hicho kitakuwa hakijawahi kuona jua.